Unapanga safari ndefu kwa gari? Anza na saa utakayokutana na mji mkubwa

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likizo ikikaribia swali huwa lile lile: "Nina safari ndefu, nitoke saa ngapi?" Mmoja atasema toka saa 11 alfajiri, mwingine atasema tembea usiku barabara ikiwa tupu. Hakuna anayemuuliza msafiri njiani kuna mji gani mkubwa na ataufikia saa ngapi. Kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza. Saa ya kuondoka nyumbani ni jibu linalopatikana mwishoni mwa hesabu.

Foleni ya mji mkubwa ina ratiba yake. Siku za kazi, sehemu nyingi duniani, magari humiminika kuingia mjini kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kisha hutoka kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku. Nje ya saa hizo barabara ile ile inapitika vizuri tu. Na barabara haijai polepole. Wahandisi wa barabara wa Marekani walitoa kanuni mwaka 1964 ya kukadiria muda wa kupita barabara kulingana na wingi wa magari, na bado inatumika. Ndani ya kanuni hiyo wingi wa magari umepandishwa kwa kipeo cha nne. Ukipiga hesabu, barabara iliyojaa nusu ya uwezo wake inakuchelewesha chini ya asilimia 1. Ikifika uwezo wake kamili, asilimia 15. Magari yakizidi uwezo kwa nusu, asilimia 76. Ndiyo maana mtu aliyechelewa kuondoka kwa nusu saa tu anaweza kufika amechelewa saa mbili, na bado anajiuliza muda umekwenda wapi.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Chukua safari ya kilomita 900 yenye miji miwili mikubwa, mmoja kwenye kilomita ya 350, mwingine kwenye kilomita ya 750. Wastani wako, ukijumlisha na vituo vya kupumzika, weka kilomita 80 kwa saa hata kama kibao kinaruhusu 110. Watu wengi huhesabu kwa mwendo wa kibao, na hapo ndipo mpango mzima unapoharibika.

Ukitoka saa 2 asubuhi, mji wa kwanza unaufikia saa 6 na dakika 22 mchana. Hauna shida. Mji wa pili unaufikia saa 11 na dakika 22 jioni, yaani kwenye kilele kabisa cha foleni ya watu wanaotoka kazini. Ukitoka saa 12 asubuhi, mji wa pili unakuwa saa 9 na dakika 22 alasiri. Hapo unapita, ila kwa kubahatisha: chakula kikichelewa mezani kwa nusu saa, umenasa. Ukitoka saa 11 alfajiri, mji wa kwanza unaupata saa 3 na dakika 22 asubuhi, wenyeji wameshaingia makazini, na wa pili saa 8 na dakika 22 mchana. Gari ni lile lile, barabara ile ile, mwendo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba umehesabu kutoka mjini kurudi nyumbani. (Kilomita 900 kwa siku moja naziongelea mkiwa madereva wawili wa kupokezana. Ukiwa peke yako igawe mara mbili.)

Na ukiigawa, kuna jambo naliomba mlishike kuliko yote niliyoandika hapa: lala ng'ambo ya mji. Wengi hulala kabla ya mji mkubwa kwa sababu giza limeingia na wamechoka. Asubuhi wanaamka, wanakunywa chai, saa 1 wanaingia barabarani pamoja na wakazi wote wa vitongoji wanaokwenda kazini, wote uelekeo mmoja. Ukiupita mji usiku baada ya saa 2, ukaenda mbele kama kilomita 50 ndipo ukalala, asubuhi foleni yote iko upande wa pili wa barabara. Wao wanaingia, wewe unaondoka. Kama umechoka kiasi kwamba hizo kilomita huziwezi, basi lala pale pale ulipo na usiguse usukani asubuhi mpaka saa 3 ipite.

Kuhusu barabara za mzunguko. Si kila barabara inayozunguka mji ni ya kukwepea mji. Ile inayoizunguka London, M25, ilikamilika mwaka 1986, ina kilomita 188, na yenyewe imekuwa maarufu kwa foleni, maana wakazi wa vitongoji wanaitumia kwenda kazini na uwanja wa ndege wa Heathrow uko kando yake. Périphérique ya Paris, iliyokamilika mwaka 1973, ina kilomita 35 tu na imebana kwenye mpaka wa jiji lenyewe. Mpita njia hana anachofuata pale mchana wa siku ya kazi. Linganisha na mzunguko wa Berlin, A10, wenye kilomita 196, ambao sehemu kubwa umepita nje kabisa ya jiji. Kabla hujaamini mzunguko wowote, tazama kwenye ramani umezungukwa na nini. Ukiona pande zote mbili nyumba zimebanana, ujue hiyo ni barabara ya mjini.

Wanaosafiri Marekani wana msaada mmoja mzuri: namba za barabara kuu zinasema. Namba yenye tarakimu tatu ikianza na tarakimu shufwa, kama 285 ya Atlanta au 465 ya Indianapolis, kwa kawaida inazunguka mji au inarudi kuungana na barabara kuu. Ikianza na witiri, kwa kawaida ni tawi linalokupeleka mahali na kuishia huko. Pia namba kuu shufwa hukata mashariki na magharibi, witiri hukata kaskazini na kusini. Ukilijua hilo unaweza kuamua njia kwa kusoma kibao tu.

Ila mchepuko bora kuliko yote uko mbali sana na mji. Mtu anayetoka Ulaya kwenda Izmir, magharibi mwa Uturuki, kwa gari zamani alikuwa na njia mbili: apite Istanbul, au apange foleni ya kivuko. Machi 2022 likafunguliwa daraja la Çanakkale, lenye urefu wa mita 2,023 kati ya minara yake, na sasa anavuka mlango bahari wa Dardanelles bila kuugusa mji wa Istanbul. Lakini uamuzi huo anaufanya mapema, kabla hata ya kuona kibao kimoja chenye jina Istanbul. Kwa hiyo unapofungua ramani, ipunguze hadi uone nchi nzima kwanza. Ukianza kutafuta njia ya kukwepa mji ukiwa umeshaukaribia, utapata zile za wenyeji, na wenyeji nao wamo humo humo.

Nawasilisha. Karibuni tuchangie.

#2

Mkuu uzi mzuri, lakini siku hizi programu ya ramani inapanga yote haya. Inaona foleni, inakupa njia nyingine. Kuna haja gani ya kukaa na kalamu?

#3 Mleta uzi

Mkuu, naitumia kila safari na siwezi kuiacha. Lakini elewa inachokifanya. Ukiiuliza njia saa 11 alfajiri bila kuiambia chochote, picha ya foleni unayoiona ni ya saa 11 alfajiri. Mji ulio saa tisa mbele unaonekana mweupe. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari iwekee saa ya kuondoka au saa ya kufika, ikupe makadirio yanayotokana na siku zilizopita. Badilisha saa ya kuondoka mara kadhaa uone jumla ya muda inavyopanda na kushuka. Hapo utaiona foleni kabla hujakutana nayo.

Jambo la pili: programu inatafuta dakika chache zaidi, basi. Njia ya katikati ya mji ikiwa fupi kwa dakika mbili, itakurudisha katikati ya mji, kwenye taa na vipilefti, hata kama ulishaamua kuzunguka. Dawa yake ni kuweka kituo cha kati juu ya mchepuko wenyewe. Fanya hivi: kuza ramani mpaka uone pande mbili za barabara zimetengana. Weka alama upande wa uelekeo wako, kilomita kadhaa baada ya makutano. Usiiweke kwenye makutano, maana huko barabara zinapandana na alama inaweza kuangukia ile ya kuingia mjini. Ukiiweka upande usio wako, programu itakupitisha mbele mpaka pa kugeuzia, urudi uiguse alama, kisha ugeuze tena. Baada ya kuiweka, ifuate njia yote kwa kidole, kona kwa kona. Na pakua ramani ya eneo zima kwenye simu, kwa sababu njia za pembeni ndiko mtandao unakokatika.

#4

Mimi ni dereva wa malori kwa miaka mingi na nakubaliana na mleta mada kwa sehemu kubwa. Nataka kuongezea kwa sababu naona vijana humu watakimbilia njia za vijijini na safari za usiku.

Njia ya pembeni isiyo na ukuta katikati ni hatari zaidi kwa kila kilomita kuliko barabara kuu yenye njia zilizotenganishwa. Hilo linajulikana nchi nyingi. Kule unakutana na gari uso kwa uso, na ukitaka kulipita lori lazima uingie upande wa mwenzako. Ukipita vijiji unashuka hadi 50, unapanda, unashuka tena. Barabara ya aina hiyo ihesabie wastani wa kilomita 60, usiihesabie 80. Na mwenye gari refu, tela au mizigo juu ya paa, aangalie urefu wa madaraja na uzito unaoruhusiwa. Barabara kuu zimejengwa kwa ajili yetu sisi wa malori. Za pembeni nyingi hazikujengwa hivyo.

Kuhusu usiku: mwili una vipindi vyake viwili vya kusinzia hata kama umelala mchana. Kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri, na tena mchana kati ya saa 8 na saa 10. Foleni hakuna, kweli, lakini hapo ndipo mtu anafumba macho sekunde tatu, na kwa mwendo wa 100 sekunde tatu ni zaidi ya mita 80 gari likienda lenyewe. Umoja wa Ulaya unamlazimisha dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidi saa 9 kwa siku. Hao ni watu wanaoendesha kila siku ya Mungu. Wewe wa likizo usijipe saa nyingi kuliko wao.

Ukisinzia, kufungua dirisha na kuongeza redio hakusaidii. Simama mahali salama, kunywa kahawa, lala dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua karibu nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo unaamka wakati nayo inaamka.

#5

Asante kaka wa #4. Mimi nasafiri na watoto wadogo, na nina neno kuhusu vituo.

Kanuni yangu ni kwamba hatuingii eneo la mji mkubwa kabla ya kusimama. Kama kilomita 30 au 40 kabla, tunatia mafuta, tunachimba dawa wote hata yule anayesema hana haja, tunakunywa maji, tunabadilisha nepi. Kisha tunapita bila kusimama mpaka mji uishe. Mtoto akililia choo ukiwa kwenye mzunguko wenye njia nne, unalazimika kutoka barabarani na kuingia mjini kutafuta, na kurudi barabarani ni kazi nyingine. Kituo hicho pia kinakupa nafasi ya kurekebisha saa. Mkiwa mmewahi sana mnakaa hapo watoto wacheze mpaka foleni ipungue. Mkiwa mmechelewa, mnaamua hapo hapo kama mnachukua mchepuko, gari likiwa limesimama na akili imetulia. Usiamue mambo ya njia huku unaendesha na mtoto analia nyuma.

#6

Mnasahau mafuta. Mchepuko unaongeza kilomita 40, 50. Si afadhali kuvumilia foleni?

#7 Mleta uzi

Dada wa #5, hilo la kituo cha kabla ya mji nalichukua moja kwa moja, ni mahali sahihi pa kufanyia uamuzi.

Mkuu wa #6, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa namba. Tuseme mchepuko unaongeza kilomita 45. Kwa mwendo wa 90 hizo ni dakika 30, na gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litakula lita 3 na kidogo. Gari dogo la petroli likiwa limesimama linaunguruma hula takribani lita 0.6 hadi 1 kwa saa. Foleni ya kwenda na kusimama inakula zaidi ya hapo, maana kila ukiondoka unaanza upya na gia ya kwanza, lakini mara nyingi bado mchepuko ndio utakaomaliza mafuta mengi. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kuzunguka kunaokoa mafuta. Kunaokoa muda, klachi, na utulivu wa dereva ambaye bado ana kilomita 300 mbele yake.

Ndiyo maana sisemi zunguka kila mara. Ukifika mjini saa 5 asubuhi siku ya kazi, pita katikati au mzunguko wa karibu, utapoteza labda dakika 10. Ukifika saa 11 jioni, toa dakika 30 zako kwa mchepuko bila kujiuliza. Ukiangalia saa, unajua lipi la kufanya.

Ila kuna miji ambayo katikati yake ina gharama nyingine. London inatoza kuingia katikati tangu mwaka 2003, Stockholm tangu 2007, na miji mingi ya Ujerumani hairuhusu gari lisilo na stika ya kiwango cha moshi kuingia eneo la ndani. Mgeni anayepita tu anaweza kujikuta na faini kwa sababu programu ilimpitisha njia fupi.

#8

Wenye magari ya umeme mmetuacha. Kwetu foleni yenyewe haili sana chaji, kwa sababu gari likipunguza mwendo linarudisha umeme kwenye betri. Shida ni mchepuko: chaja za kasi ziko kwenye barabara kuu, na njia za pembeni unaweza kwenda mbali bila kuona hata moja. Mimi napanga chaja kwanza, njia baadaye. Nachaji hadi asilimia 80 hivi, kwa sababu juu ya hapo kasi inashuka sana, na naiweka chaja ng'ambo ya mji, kama mleta uzi anavyosema kuhusu kulala.

#9

Ongezeni kalenda. Saa peke yake haitoshi. Ijumaa foleni ya jioni inaanza mapema kuliko siku nyingine. Jumamosi hakuna foleni ya kwenda kazini asubuhi, ila kuanzia kama saa 5 barabara za kuelekea madukani zinajaa. Jumapili jioni wote wanarudi mjini. Shule zikifungwa na kufunguliwa, ratiba yote inavurugika. Ufaransa serikali ina huduma ya taarifa za barabara tangu mwaka 1976, Bison Futé, inayopaka siku rangi: kijani, chungwa, nyekundu, na nyeusi kwa siku mbaya kabisa, kama Jumamosi za katikati ya kiangazi. Ukiona siku yako ni nyeusi, sogeza safari mbele au nyuma kwa siku moja, faida yake ni kubwa kuliko ujanja wowote wa njia.

#10

Swali kwa dereva wa #4. Nimeshanasa tayari, nifanyeje? Kuhama njia kwenda ile inayotembea kunasaidia?

#11

Mimi wa #4 najibu. Kunasaidia kidogo sana, na kunaumiza walio nyuma. Kuna jaribio lilifanyika Japani, matokeo yakachapishwa mwaka 2008: magari 22 yaliwekwa kwenye duara la mita 230, madereva wakaambiwa waendeshe kilomita 30 kwa saa, basi. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna ajali. Mwanzoni walizunguka vizuri. Kisha mmoja akapunguza mwendo kidogo, wa nyuma akapunguza zaidi, wa nyuma yake akasimama kabisa. Foleni ikazaliwa pale pale, ikawa inarudi nyuma kwenye duara kama wimbi kwa karibu kilomita 20 kwa saa.

Sisi wa malori hilo tunalijua kwa miguu. Acha nafasi mbele yako, tembea polepole bila kusimama ukiweza, usikanyage breki kwa pupa. Wimbi likikufikia likikuta nafasi, linapungua. Wataingia watu kwenye nafasi yako, waache waingie.

#12

Wakuu naomba mnikosolee mpango. Natoka mji mkubwa, Ijumaa nikitoka kazini saa 11 jioni, niko peke yangu. Jumla kilomita 620. Mji mwingine mkubwa uko kilomita ya 500. Nilitaka nikimbize nifike usiku huo huo.

#13 Mleta uzi

Mkuu, umeusahau mji wa kwanza, ule unaotoka. Ijumaa saa 11 jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote za kutoka mji mkubwa, na utakuwa umeshafanya kazi siku nzima. Kwa wastani wa 80, kilomita 620 ni karibu saa 8, foleni bado sijaihesabu. Ungefika baada ya saa 7 usiku, ukiwa peke yako, ukikaribia kabisa zile saa za kusinzia alizozitaja dereva.

Fanya hivi. Ukitoka kazini nenda nyumbani, oga, kula, pumzika. Ondoka saa 2 usiku mji ukiwa umepungua. Endesha saa mbili tu, kilomita kama 160, ulale. Jumamosi ondoka saa 12 asubuhi. Zimebaki kilomita 340 hadi mji wa pili, utakuwa pale kama saa 4 na robo, kabla watu wa madukani hawajajaa. Kilomita 120 za mwisho ni saa moja na nusu, unafika kabla ya saa 6 mchana. Chumba kitafute leo, na kiwe kwenye barabara utakayoendelea nayo, usiingie ndani ya mji wowote kukitafuta. Ukichelewa kuamka na ukaona utafika mji wa pili baada ya saa 5, usikimbize gari kufidia. Weka alama kwenye mchepuko kabla hujawasha injini.